Utajuaje kampuni ya mtandaoni itashika soko na isiachie?

kijana_mbagala: Wakuu habari zenu. Nina vihela nimejikusanyia nataka ninunue hisa za kampuni za intaneti za Marekani, na kila ninayemuuliza ananiambia chukua yenye wateja wengi ikishashika soko haing'oki. Mbona MySpace, ule mtandao wa kijamii wa kabla ya Facebook kutamba, ilijaza watu na sahivi wadogo zetu hata jina hawalijui? Nyie mnaangalia nini?

mama_wa_vikoba: Mdogo wangu wingi wa watu usikubabaishe. Hiyo MySpace, kampuni ya habari ya News Corp waliinunua 2005 kwa dola milioni 580, 2011 wakaiuza kwa kama milioni 35. Mimi najiuliza mteja akihama anaacha nini nyuma. WhatsApp ukitoka umeacha kikoba, ndugu, wazazi wa darasa la mtoto, na huwezi kuwahamisha wote siku moja. Sasa njoo kwenye teksi za mtandaoni, juzi nimepanda toka Mwenge, dereva ana simu mbili kwenye dashibodi, kila moja kampuni yake, inayoita kwanza ndo anaipokea, na mimi kabla sijaita nishaangalia bei kote kote. Hapo nani kamshika nani?

fundi_namba: Naongezea kwa dada. Kwenye teksi wingi unasaidia ila mji kwa mji, madereva elfu kumi wa London hawamsaidii abiria wa Kariakoo hata kidogo, ndo maana mwenyeji akijipanga anaweza kumtoa mkubwa. Uber na ukubwa wote ule China walimwachia mwenyeji Didi 2016, wakaja kuwaachia wenyeji wengine, Grab, Kusini Mashariki mwa Asia 2018, wakabaki na hisa tu ndani ya kampuni hizo.

bush_lawyer_tz: Kipimo cha dada nakikubali lakini Google kinampita pembeni. Kuhama Google hakukugharimu chochote, unaandika anwani nyingine basi, na bado watu hawahami. Kwa nini? Kwa sababu unaikuta imeshawekwa kwenye simu. 2022 peke yake waliilipa Apple dola bilioni 20 ili wawe chaguo la kwanza kwenye Safari, ile programu ya kufungulia mtandao kwenye iPhone. Kwahiyo uliza pia nani kakaa mlangoni. Na mlango huo una hatari yake, Agosti 2024 jaji wa Washington aliamua kwamba Google wamelinda ukiritimba wao kinyume cha sheria, sasa ukinunua hisa unanunua na kesi.

mama_wa_vikoba: Hapo umenifungua macho, mimi nilikuwa namwangalia mteja tu.

kijana_mbagala: Asanteni sana wakuu. Nilikuwa nimeshajipanga kuchukua ya teksi mwisho wa mwezi, naisimamisha kwanza. Naanza kusoma ripoti zao za mwaka nione wanatumia hela kiasi gani kuwabakisha madereva na abiria, maana kama kila mwaka lazima watoe ofa ndo watu wasikimbie basi soko hawajalishika. Mkuu bush_lawyer, hizo ripoti zinasomwaje kwa mtu asiye mhasibu?

bush_lawyer_tz: Njoo inboksi nikuoneshe, tuanze na ukurasa wa mapato na gharama.