Kunenepesha maksai 20 Chalinze: chakula cha kiwandani, alizeti, pamba au machicha?

Mfugaji wa Wami
Wakuu, habari za majukumu. Nina maksai 20, zebu wa kawaida, wachache wana damu ya Boran, ile mbegu ya ng'ombe wa nyama. Wiki iliyopita nimewapima kwa tepu ya kifua, wengi wanacheza kwenye kilo 210 hadi 230. Nipo Chalinze, nataka kuwafungia miezi mitatu kisha niwapeleke mnada wa Pugu wakiwa wamejaa. Nyasi za kukata zipo na marobota ya hei ninayo kiasi. Ninapokwama ni chakula cha kuchanganya. Naweza kununua kilichochanganywa tayari kiwandani Dar, au nichanganye mwenyewe kwa mashudu ya alizeti (mabaki ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) ya Dodoma na Singida pamoja na pumba za mahindi. Wengine wananiambia niagize mashudu ya pamba Shinyanga, jirani yangu yeye anasema machicha ya bia tu. Hesabu yangu: kila mmoja ale kilo 7 kwa siku pamoja na hei, kwa siku 90 ni kama tani 12 na nusu kwa wote. Nikikosea hapo nimepoteza mtaji. Aliyepita njia hizi aniambie ukweli wake.

Mama Maksai
Mimi nipo Kibaha na machicha nimelisha muda mrefu. Ng'ombe wanayapenda mno, ukishika ndoo tu wanakufuata. Lakini kaka, unapopakia machicha umepakia maji. Katika kilo 100, chakula kikavu ni kilo 20 hadi 25, iliyobaki ni maji. Mimi nipo karibu na Dar, ninaimudu nauli. Wewe wa Chalinze utalipia gari kubeba maji zaidi ya kilomita 100. Halafu kwa joto letu, siku ya tatu yameshachacha na nzi wamejaa. Nikileta mengi nayashindilia kwenye mapipa, nafunika na nailoni na kuweka mawe juu hewa isiingie. Bila hivyo usiyalete.

Ng'wana Shinyanga
Pamba ndiyo shule ya unenepeshaji huku kwetu. Maganda ya pamba yanakuwa ndiyo majani yake, mashudu yanaleta proteini, juu yake pumba laini za mpunga, na maisha yanakwenda. Ila uliza swali moja kabla hujatuma hela: mashudu yametoka kwenye mbegu iliyokobolewa au yamesindikwa na maganda yake? Yaliyokobolewa yanaweza kufika proteini asilimia 40. Yenye maganda yanashuka hadi 25 hivi, na kwa macho mtu asiyezoea hatofautishi. Bei za wauzaji wawili zinaweza kulingana kabisa na mizigo isilingane.

Lingine ni msimu. Pamba inanunuliwa kuanzia Mei, viwanda vinachambua na kukamua baada ya hapo. Kuanzia Julai mashudu yapo ya kutosha. Ukija Januari au Februari utagombania mabaki. Ndama usiwape, mashudu ya pamba yana sumu ya gosipoli ambayo tumbo la ndama halijaweza kuimudu. Maksai wakubwa kama wako hawana shida kwa kiasi cha kawaida. Mimi ningekushauri pamba kama ungekuwa Kanda ya Ziwa. Kwa Chalinze, nauli ndiyo itakayoamua.

Dada Ruvu
Mimi natetea cha kiwandani. Nina kazi ya ofisi, vijana wangu wawili wa shamba hawana mzani wala muda wa kuchanganya. Nikinunua kilichochanganywa, najua leo na kesho wamekula kitu kilekile. Kinagharimu zaidi, sikatai. Kagua lebo tu: proteini, tarehe ya kutengenezwa, na kama imeandikwa ng'ombe wa nyama. Cha maziwa kimeandaliwa kwa kazi nyingine.

Bwana Mifugo Mstaafu
Kijana, swali lako ni zuri. Wengi wanauliza wakati ng'ombe ameshaanguka.

Acha kulinganisha bei ya gunia. Linganisha bei ya kilo ya proteini. Tuseme mashudu ya alizeti yenye maganda ni shilingi 500 kwa kilo na yana proteini asilimia 25. Gawa 500 kwa 0.25 unapata 2,000. Tuseme mashudu ya pamba yaliyokobolewa vizuri ni 900 na yana 40. Gawa, unapata 2,250. Bei hizi ni za mfano, weka za kwako. Lakini weka bei ya mzigo ukiwa umeshafika zizini kwako, nauli na vibarua ndani yake. Asilimia usikubali ya mdomo. Peleka sampuli TVLA, yaani Wakala wa Maabara ya Veterinari, pale Temeke au SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wewe upo katikati ya zote mbili.

Kwa mahali ulipo, mimi ningechukua alizeti. Inakuja kwa barabara ya Dodoma, inakukuta njiani. Tahadhari yake ni mafuta. Mashine ndogo za kukamua huacha mafuta mengi kwenye mashudu. Mafuta yakizidi, tumbo la ng'ombe linashindwa kusaga majani, na mashudu yenyewe yanavunda haraka stoo. Chukua konzi moja, minya: mkono ukibaki unang'aa mafuta, punguza kipimo. Ukinusa ukapata harufu kali ya mafuta yaliyochacha, rudisha.

Mchanganyiko wa kilo 100 ambao umenifaa: pumba za mahindi 45, mashudu ya alizeti 25, hei iliyokatwakatwa 20, molasi 8, chokaa 1, chumvi 1. Unakupa proteini kama asilimia 12 na nusu, inatosha zebu wa kumalizia. Chokaa ni ile ya mifugo, siyo ya kupaka ukuta. Na usiiruke! Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na maksai akilishwa hivyo muda mrefu anapata mawe ya mkojo. Utamkuta amejikaza, mkia unapandapanda, mkojo unadondoka matone matone. Nimewapoteza wawili kwa kosa hilo miaka ya mwanzo, na bado nawakumbuka.

Wiki tatu za kwanza ni za kuzoesha. Anza na nyasi nyingi na mchanganyiko kilo moja, panda taratibu. Ng'ombe aliyetoka porini ukimjazia hori la pumba siku ya kwanza, tumbo linajaa asidi. Asubuhi unamkuta kalala, kinyesi cha kijivu chenye mapovu.

Mfugaji wa Wami
Shikamoo mzee. Nashukuru sana, hiyo ya kugawa bei kwa proteini sikuwahi kuifikiria. Je, urea, ile ya mbolea? Kuna mtu ananiambia niiweke kwenye molasi nipunguze mashudu.

Bwana Mifugo Mstaafu
Marahaba. Urea inafaa mikononi mwa mwenye mzani. Isizidi kilo 1 kwenye kilo 100 za chakula chote, iyeyushwe kabisa na ichanganywe kila mahali, nao waanze kwa robo ya hapo. Donge moja likibaki, au mvua ikinyesha horini wakanywa yale maji, utaona kutetemeka, povu na tumbo kujaa. Huduma ya kwanza ni siki na maji mengi ya baridi, ukimuwahi. Kwa mara yako ya kwanza, iache.

Kibaigwa Pumba
Nafanya biashara ya pumba hapa Kibaigwa, naomba niwaambie tunavyoibiwa. Kwanza, nunua kwa kilo. Lumbesa inavutia macho, ila gunia zima linaweza kuwa na uzito wa kudanganya. Pili, fungua gunia na uchukue pumba za chini kabisa, siyo za mdomoni. Weka kijiko kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Mchanga unazama, unausikia ukikwaruza kwenye kioo. Makapi ya mpunga yaliyosagwa yanaelea juu, makavu, yanachoma ukiyasugua kidoleni. Mwaka juzi nililetewa gunia 60, juu nyeupe safi, chini nusu makapi. Aliyeniuzia ni mtu niliyemwamini. Tangu siku ile nachoma kila gunia kwa bambo, kile chuma chenye uwazi cha kuchomolea sampuli.

Na zikiwa na unyevu au ukungu wa kijani usizichukue hata kwa bure, sumukuvu haiondoki kwa kuanika.

Mama Maksai
Stoo yako iwe na chaga, mdogo wangu. Magunia yakigusa sakafu chini yanaoza.

Mfugaji wa Wami
Nimeamua. Alizeti na pumba, molasi nachukua mapipa machache upande wa Morogoro. Pipa la lita 200 nimeambiwa linakaribia kilo 280, kwa hiyo manne yatanitosha. Naanza na tani 3 tu, sampuli naipeleka SUA kabla sijaongeza. Fundi anagonga chaga leo. Dada Ruvu, nitaomba gunia mbili za kiwandani niwape maksai wawili pembeni, niwapime kwa tepu kila Jumapili. Kibaigwa Pumba, nikija Jumatano, unaniazima bambo?

Kibaigwa Pumba
Njoo mapema, saa moja asubuhi, kabla magari hayajaanza kupakia. Glasi pia ipo.