Sanduku la nakshi na fidla: wapige nini?

Fundi wa Langoni:
Asalaam aleikum. Nimechonga sanduku la mvule, pande zote sita nakshi ya kutoboa, nyota za ncha nane zimeshikana. Ukilitundika chumba kitupu na taa moja ndani, nyota hutapakaa ukutani, darini, mpaka kwenye kanzu za watu. Wazo ni la Anila Quayyum Agha, mzaliwa wa Lahore. Sanduku lake lilitokana na Alhambra, kasri la Waislamu la Uhispania, na 2014 likashinda kura ya watu kwenye ArtPrize, mashindano ya sanaa huko Marekani. Lake limekatwa kwa leza, langu kwa patasi.

Sasa vijana wanne wa Nairobi (fidla mbili, viola, chelo) wanataka kupiga muziki wa kisasa chini yake, Ngome ya Lamu. Binamu yangu hataki: eti nakshi za msikitini hazichezewi vinanda. Mbona ngoma ya vugo hupita mbele ya milango ya nakshi kila harusi? Linalonisumbua ni rekodi waliyonitumia. Mikwaruzo mitupu, nyuzi zinalia kama paka aliyebanwa mkia. Mtu atatazama nyota saa ngapi?

Mpiga Nai:
Fundi, la halali na haramu waulize mashekhe, sisi hapa tutakupotosha. Ila uani pale ngomeni usithubutu. Ni wazi juu, sauti ya chelo itapaa ipotee, na vivuli vitakosa dari. Tafuta chumba, baada ya Isha, wasije wakagongana na adhana.

Bint Fidla, Mombasa:
Shikamoo fundi. Muziki wa kisasa si mikwaruzo yote. Morton Feldman alitunga kwa ajili ya kanisa dogo la picha za mchoraji Rothko kule Houston, Marekani, 1971: viola, kwaya, ngoma na selesta (kinanda chenye sauti ya kengele), polepole mno, ili watu waendelee kutazama. Kwa hao wanne hautafaa, lakini mwendo ndio huo. Waambie watafute kazi za Franghiz Ali-Zadeh wa Azerbaijan, anayetungia makundi ya wapiga nyuzi wanne kama hao, akichota kwenye mugham, muziki wa jadi wa kwao. Moja ipo bure kwenye mtandao wa Kronos Quartet, kundi la wapiga nyuzi wanne la Marekani. Fidla haina vipande vya kugawa sauti shingoni kama gitaa, kwa hiyo zile sauti za katikati za bayati, ngazi ya sauti ya Kiarabu tunayoijua kwenye taarab, kidole kinazifikia. Na wakae pembeni, wakikaa chini ya sanduku vivuli vyao vitafunika nyota.

Fundi wa Langoni:
Marahaba mwanangu. La kukaa pembeni sikuliwaza kabisa, na taa za kusomea noti nazo zitanifutia nyota. Nitawaambia muziki wauhifadhi kichwani, au taa hizo wazifunike. Rekodi ile nawarudishia. Binamu nitamwalika siku ya mazoezi, aje abishane akiwa ameshasikia. Mwenye kapi na kamba ya jahazi aniambie bei, mvule mzito huu.