Nyumba ya wageni tulivu Mjini kwa mgonjwa wa kliniki Mnazi Mmoja: Malindi, Mkunazini, Vuga au Kikwajuni?

Mtoka_Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwezi ujao, inshaallah, nitavuka kutoka Pemba pamoja na mama yangu mzazi, mgonjwa wa presha, kwenda kliniki katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, na kwa kuwa daktari anataka kumwona zaidi ya mara moja, itatubidi tulale Mjini kwa muda wa wiki moja hivi. Jamaa tulio nao Unguja wako Bumbwini na Fuoni, nyumba zao zimejaa, na mama hataki kuwapa taabu watu wenye watoto wa skuli. Natafuta nyumba ya wageni ya kawaida, safi, isiyo na baa wala muziki, ambamo mtu mzima ataweza kulala baada ya Isha na kuamka Alfajiri akiwa amepumzika. Uwezo wetu hauzidi shilingi elfu sitini kwa usiku, kwa chumba chenye vitanda viwili. Goti lake moja limechoka, kwa hiyo ngazi ni jambo la kufikiriwa.

Nimetajiwa Malindi kwa sababu ya bandari, Vuga kwa sababu ya hospitali, na pia Mkunazini na Kikwajuni. Sihitaji majina ya nyumba, kwani wenyewe hubadilika na wasimamizi nao hubadilika. Ninachoomba ni kulinganishiwa mitaa hii na watu wanaoijua usiku, si mchana tu.

Mwenyeji_Vuga

Wa alaykum salaam. Mimi ningeanza na Vuga bila ya kusita, na sababu yangu ni mgonjwa mwenyewe. Kutoka Vuga hadi lango la Mnazi Mmoja ni mwendo mfupi, njia ni tambarare, na gari inafika mpaka mlangoni mwa nyumba nyingi. Siku mgonjwa anapotoka kliniki amechoka, au dawa mpya zimemlegeza, hilo la gari kufika mlangoni lina thamani kuliko mandhari yoyote. Kelele za Vuga ni za magari, na magari hupungua sana usiku unapoingia. Omba chumba kisichotazama barabara kuu.

Malindi sikushauri kwa wiki nzima. Ni pahala pazuri kwa usiku mmoja, khasa ule wa mwisho, kwa mtu mwenye boti ya asubuhi, lakini bandari na diko la samaki haviamki kwa upole: malori, rikwama, mahamali wanaoitana na wavuvi wanaoshusha samaki alfajiri. Mwenye kazi zake hapo, kelele hizo hazimsumbui. Mgonjwa wa presha zitamsumbua.

Binti_Kiponda

Ndugu yetu wa Vuga amesema kweli kuhusu gari, ila naomba niongeze upande ambao watu wengi hawaufikirii, nao ni namna nyumba zenyewe zilivyojengwa.

Nyumba za ndani ya Mji Mkongwe, yaani Mkunazini, Kiponda, Hurumzi na mitaa ya jirani, zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo unazuia sauti ya chumba cha pili vizuri sana; jirani anaweza kukohoa usiku kucha na wewe usisikie. Sauti inaingilia dirishani. Madirisha mengi ni ya mbao, ya kufunga kwa komeo, hayana kioo, na chini yake kuna uchochoro mwembamba ambao sauti ikishaingia haina pa kutokea ila juu. Watu wawili wakikaa barazani chini ya dirisha lako saa tano usiku wakizungumza kwa sauti ya kawaida, utayasikia maneno yao yote mpaka mwisho. Kwa hiyo mtu anayesema Mkunazini ni tulivu anasema kweli, kwani gari hazipiti kabisa katika vichochoro vile, na anayesema hakulala Mkunazini naye anasema kweli, kwa sababu chumba chake kilikuwa juu ya baraza. Ukipata nyumba yenye ua wa ndani, omba chumba kinachotazama uani. Hapo utalala kama uko shamba.

Na usitarajie kwamba mwenye nyumba atakuwa ameyabadilisha madirisha. Mji Mkongwe uko katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na ipo Mamlaka ya kuuhifadhi ambayo ndiyo inayotoa idhini ya matengenezo; mtu hang'oi dirisha la mbao akaweka la alumini kwa hiari yake. Mimi binafsi naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote, kwa sababu mji huu ukishaharibiwa hautajengwa tena. Lakini mgeni anapaswa kulijua kabla hajalipa. Lifti nayo ni nadra katika nyumba za daraja la kawaida, na ngazi za nyumba kongwe ni refu na za kusimama, kipandio kimoja kinaweza kumpita mtu mfupi magotini. Kwa goti la mama, chumba cha chini au msijaribu kabisa.

Mwenyeji_Vuga

Nakubaliana nawe kuhusu ua wa ndani, dada yangu. Ila vyumba vya chini katika nyumba hizo mara nyingi ni vya giza na vina unyevunyevu, na wakati wa masika chokaa hubanduka na harufu ya ukungu haitoki. Mgonjwa mwenye kifua asiwekwe humo. Kama tatizo la mama ni presha na goti peke yake, basi ni jambo la kuangalia chumba kwa chumba.

Mpokezi_Mstaafu

Nimekaa mezani mapokezi katika nyumba za wageni za Mjini kwa miaka mingi, kwa hiyo nitazungumzia yale ambayo mgeni haulizi na sisi hatumwambii.

La kwanza ni jenereta. Wakubwa mtakumbuka kwamba Unguja ilikaa bila umeme kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, na kabla ya hapo tulikaa kizani karibu mwezi mzima mwaka 2008. Baada ya shida ile, wenye nyumba wengi walinunua jenereta, na kwa kuwa nafasi ni ndogo, nyingine zilifungwa uani, yaani pale pale ambapo dada yetu amekwambia uombe chumba. Umeme leo haukatiki kama zamani, lakini ukikatika usiku mmoja tu, mama hatalala. Uliza jenereta iko wapi, na uonyeshwe.

La pili ni msimu. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la usiku ni kubwa na dirisha haliwezi kufungwa bila ya kiyoyozi. Kwa hiyo chumba cha feni kinachoonekana rahisi kinakuja pamoja na sauti zote za uchochoroni, na tofauti ya bei kati ya feni na kiyoyozi ndiyo hasa bei ya usingizi. Wakati wa kusi, Juni na Julai, upepo ni baridi, dirisha linafungwa na feni inatosha. Msimu wa masika wageni wa nje hupungua, na hapo bei huzungumzika.

La tatu ni kalenda. Mwezi wa Februari tamasha la Sauti za Busara hufanyika Ngome Kongwe, na tamasha la filamu la nchi za jahazi kwa kawaida huja katikati ya mwaka. Katika siku hizo Shangani na Forodhani si mitaa ya mtu anayetaka kulala mapema. Ikiwa kliniki itaangukia karibu na Sikukuu, basi ujue kwamba viwanja vya Mnazi Mmoja hujaa watoto na wazee wao mpaka usiku, jambo la furaha, lakini ni mita chache kutoka hospitali.

Na bei: nyumba nyingi za Mji Mkongwe huandika bei kwa dola. Taja mapema kwamba wewe ni Mzanzibari, uwe na kitambulisho chako na cha mama, na uombe bei ya mkaazi kwa shilingi. Si kila nyumba inayo, lakini nyingi hupunguza. Mimi nilikuwa nikipunguza nikisikia neno mgonjwa, na sijui mpokezi mwenye imani asiyefanya hivyo.

Ummu_Kikwajuni

Mwanangu wa Wete, karibuni Mjini, na Mwenyezi Mungu ampe mama shifaa. Naona wenzangu wamezama katika Mji Mkongwe, na Kikwajuni imeachwa nyuma. Huku kwetu kuna nyumba chache za wageni, ndogo, za watu wa hapa hapa, na wageni wake wengi ni Wapemba na watu wa bara waliokuja kwa kazi au matibabu. Ni karibu na Mnazi Mmoja, gari zinafika, na mnapata chakula cha nyumbani kwa majirani bila ya kuingia mikahawa ya watalii: uji asubuhi, chapati, samaki wa kukaanga jioni. Kwa mtu aliyeambiwa apunguze chumvi, kuwa karibu na mama mpishi anayekusikiliza ni jambo kubwa.

Sitaficha upande wa pili. Kuta za nyumba za kisasa za matofali ni nyembamba, na huku ni mtaani hasa: kuna watoto, kuna mpira jioni, na kukiwa na harusi mtaa wa pili ngoma mtazisikia. Lakini shughuli inajulikana mapema, uliza tu.

Mtoka_Wete

Ahsanteni sana, mmenifumbua macho kwa mambo ambayo nisingeyauliza. Mama hana tatizo la kifua. Naona sasa shauri limebaki kati ya Vuga na Kikwajuni kwa wiki yenyewe, na Malindi nimeiacha, labda usiku wa mwisho. Mkunazini ningeipenda kwa ajili ya ule ua wa ndani, lakini gari kutofika mlangoni kunanitia hofu. Tukihitajika hospitali saa nane za usiku, sitaki kumpitisha mama vichochoroni kwa goti lile.

Je, ni kitu gani cha kukagua chumbani kabla ya kulipa, kwa kuwa nitapitia simu kwanza?

Mpokezi_Mstaafu

Kwa simu uliza mambo manne tu: chumba kiko ghorofa ya ngapi, dirisha linatazama wapi, jenereta iko upande gani, na choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa. Hilo la mwisho kwa mwenye goti bovu linashinda yote. Usitume pesa za wiki nzima. Lipa usiku mmoja, mkilala salama mlipe zilizobaki.

Mwenyeji_Vuga

Nipo jirani na nyumba mbili za hapa Vuga zenye vyumba vya chini na choo cha kukaa. Nitapita zote mbili kesho saa nne usiku, wakati ambao mama atakuwa amelala, nisimame ndani ya chumba chenyewe dirisha likiwa limefungwa na feni ikiwa inazunguka, kisha nikuandikie hapa nilichosikia.

Mtoka_Wete

Mungu akulipe kheri, kaka. Ukipita, tafadhali angalia pia kama kizingiti cha choo ni kirefu. Nikipata jibu lako nitapiga simu Kikwajuni nako, nilinganishe bei, kisha ndipo nikate tiketi.