Kibandiko cha mita 70 kwenye mashine ya kukatia miti: ni cha nini hasa?

Gogo_Refu
Wakuu, habari za kazi. Natoka kwenye chenso ya mkono, nahamia mashine ya matairi yenye kichwa cha msumeno mwishoni mwa mkono wake. Kibandiko kinakataza mtu kusogea ndani ya mita 70. Miti yetu haizidi mita 20, hizo 70 ni za nini? La pili: kwenye mteremko niangalie nini? Na paipu ya haidroliki ikivuja, naanzia wapi?

Fundi Cheni
Mita 70 si za mti, ni za cheni. Ikikatika, ncha iliyo huru huchapa kama mjeledi, na mara nyingi kipande cha mwisho hukatika tena na kuruka. Kinaruka katika mstari wa bapa linaloongoza cheni, mbele au nyuma. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza kitufe cha kukata, tazama bapa limeelekea wapi. Likielekea kabini, barabara au mwenzako, zungusha kichwa kwanza. Hili linashinda kofia na vizibao vyote.

Kabla ya zamu, zima injini, vaa glavu, pitisha cheni yote mkononi. Unatafuta ufa, ribiti (pini inayoshikanisha viungo) iliyolegea na kiungo kisichokunjika. Ukikuta kimoja, badilisha cheni. Angalia pia spoketi, lile gurudumu la meno linalozungusha cheni: meno yaliyolika huiua cheni mpya haraka. Mafuta ya cheni yapungue tankini kadiri unavyokata; yasipopungua, njia imeziba na cheni inakauka.

Kosa ninaloliona sana ni kuongeza kasi ya mota ya msumeno ili mti ukatike upesi. Cheni za 0.404 (saizi ya cheni, kwa inchi) zimetengenezwa kwa takriban mita 40 kwa sekunde, ukivuka hapo unaomba vipande viruke. Na cheni iliyokatika usiiunganishe porini kwa nyundo na ribiti za zamani. Mimi naitupa.

Mteremko
Kwenye mteremko, kiwango cha juu cha mwinamo kimo kwenye kitabu cha mashine yako, usichukue cha jirani. Panda na kushuka moja kwa moja, epuka kwenda kimshazari. Kinachoangusha mashine kwa kawaida ni uzito uliouinua kuliko mlima wenyewe: mti wenye kipenyo cha sentimita 40 kwenye kimo cha kifua na urefu wa mita 20 una karibu mita moja ya ujazo, yaani tani moja hivi ukiwa mbichi. Uinue, nyoosha mkono, geukia upande wa bondeni: matairi ya juu yananing'inia. Vuta mti karibu na mashine, ushushe chini, ndipo ugeuke. Mashine ikianza kulala, usiruke. Baki na mkanda, shika sana. Kabini ndiyo iliyotengenezwa kubeba kishindo hicho.

Mpira_wa_Presha
Kuhusu paipu: usipapase kwa mkono, hata ukiwa na glavu. Presha hupita baa 200, na tundu dogo kama ncha ya sindano huingiza mafuta chini ya ngozi. Kidonda kinaonekana si kitu, lakini ni cha kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, na umweleze daktari kuwa ni mafuta ya haidroliki. Tafuta uvujaji kwa kipande cha kadibodi.

Utaratibu: laza kichwa chini, zima injini, sogeza vidhibiti vyote ili presha iliyobaki itoke, kisha toa ufunguo ukae nao mfukoni. Mashine yenye chupa za kuhifadhi presha inataka zaidi ya hapo, fuata kitabu chake. Ndipo ufungue nati, polepole.

Gogo_Refu
Nimewaelewa. Kioo cha mbele ni cha plastiki ngumu, kina mikwaruzo. Naweza kukifuta kwa petroli?

Fundi Cheni
Hapana. Hiyo ni polikaboneti, petroli na tina ya rangi huipasua nyufa ndogondogo, halafu haizuii chochote. Maji ya sabuni na kitambaa laini tu. Tazama unene pia: ya milimita 12 imewahi kupenywa na kipande cha cheni, omba 19 au zaidi. Na kama imeshakuwa na ufa au ukungu usiofutika, ibadilishwe kabla hujaingia msituni.