Msaada: wimbo wa Roja upi ndo orijino? Mama anasema nimemletea feki

kaka_wa_bibiharusi
Wakuu habari za mchana, poleni na jua. Nina shida ndogo ila inaninyima usingizi. Jumamosi dada yangu ana sendofu, ukumbi upo Area D hapa Dodoma, na kwenye kamati mimi nimepewa kazi ya flashi, yaani nikusanye nyimbo zote nimkabidhi dije. Sasa mama kasema yeye akiingia ukumbini hataki bongofleva wala singeli, anataka ule wimbo wa picha ya Roja, wa yule binti anayechezea maji. Huo wimbo nimekua nao, mama akichambua mchele anauimba, akifua anauimba, maneno anayajua nusu, nusu nyingine anajazia na-na-na yake.

Basi jana usiku nikaudaunlodi YouTube nikauweka kwenye spika nikamwita. Muziki umeanza tu mabega yameshaanza kutikisika, binti alivyofungua mdomo mama akasimama. "Hii siyo. Umeletewa feki, wamechakachua." Nikamwambia mama ni huu huu, binti yule yule, maji yale yale. Akasema tuni ni yenyewe, sauti ni yenyewe, ila maneno siyo, na yeye siyo mtoto wa kudanganywa, kaangalia hiyo picha kabla mimi sijazaliwa. Akarudi jikoni.

Nimecheki jina, nilioudaunlodi umeandikwa Chinna Chinna Aasai, na anaouimba mama ni Dil Hai Chota Sa. Upi ni orijino na upi wa kuiga? Na nimpigie upi? Dije anataka flashi Ijumaa asubuhi.

ngoja_waje
Nimekaa mbele kabisa hapa na karanga zangu, wajuzi waje.

mbishi_wa_kikuyu
Jibu rahisi hilo mkuu, picha za Kihindi zinatoka Mumbai, hao wengine wa kusini wanachukua tuni wanaweka maneno yao. Mama yuko sahihi. Futa hiyo weka ya Kihindi, uzi ufungwe.

fundi_kinanda
Uzi usifungwe bado, mbishi umekosea na umekosea kwa kujiamini.

Mkuu mleta mada, huo uliomletea mama ndo wenyewe wa kwanza. Roja ni picha ya Kitamil ya mwaka 1992, mwongozaji Mani Ratnam, na Watamil ni watu wa kusini kabisa ya India, mji wao mkubwa ni Chennai, enzi hizo ukiitwa Madras. Ilivyofanya vizuri ndo ikatiwa sauti za Kihindi ikasambaa na kwingine mpaka ikatufikia sisi. Kwa hiyo aliyeiga, kama tunatumia neno hilo, ni huo wa mama. Ila hakuna aliyeiba, mtunzi wa muziki ni mmoja, A. R. Rahman, na binti anayeimba zote mbili ni mmoja pia, anaitwa Minmini, ndo maana mama kakwambia sauti ni yenyewe. Mama ana sikio zuri sana, mpe heshima yake.

Kingine watu hawajui, Roja ndo ilikuwa picha ya kwanza ya Rahman. Kazaliwa 1967, baba yake naye alikuwa mtunzi wa muziki wa sinema, akafariki dogo ana miaka 9, nyumba ikabaki inategemea kukodisha vinanda vyake. Dogo akaingia kazini mapema, anapiga kinanda kwenye bendi za wakubwa, akiwemo Ilaiyaraaja ambaye kule kusini ndo alikuwa mfalme, halafu baadae akawa anatengeneza vile viwimbo vya matangazo. Mani Ratnam akamsikia akampa kazi. Malipo rupia 25,000, basi. Studio alikuwa kajijengea nyumbani kwao.

Sasa sikiliza tofauti yake na picha za zamani. Zamani sinema za kule walikuwa wanajaza ukumbi wapiga vayolini, tabla, filimbi, wote wanarekodi kwa pamoja na mwimbaji humo humo. Rahman akakaa usiku na kinanda chake na kompyuta, anaweka sauti moja moja, anapanga tabaka juu ya tabaka. Ndo maana mpaka leo ukiweka ule wimbo kwenye sabufa besi inakaa chini peke yake, safi, haigombani na sauti ya binti, na mimi kwenye besi hiyo nasikia kabisa karege ka mbali. Mimi napiga kinanda kwaya yetu huku Makole, nimekaa na huo wimbo wiki mbili nikijaribu kuutoa kwa mkono, noti zipo, nyepesi tu, mtoto wa sekondari anazipiga, ule uwazi katikati ya vyombo ndo unanishinda mpaka leo.

Tuzo ya taifa ya India ya muziki wa sinema akabeba nayo kwa picha hiyo hiyo ya kwanza, na mwaka 2005 jarida la Time likaiweka Roja kwenye orodha ya albamu 10 bora za sinema za muda wote. Oscar 2 za Slumdog Millionaire zilikuja 2009, hizo wengi mnazijua.

mzee_wa_deki
Kijana fundi kinanda, ngoja kwanza. NGOJA. Unasema ile tuliyokuwa tunaonyesha sisi midomo ilikuwa ya lugha nyingine?

Mimi nilikuwa na banda la video Majengo miaka hiyo, TV bara ndo kwanza zinaanza 1994 na huku kwetu mwenye TV alikuwa anahesabika, kwa hiyo jioni ni deki yangu, TV ya inchi 14, madirisha tumeziba na magunia, watoto mbele chini kwenye mkeka, wakubwa benchi. Roja ililetwa na jamaa mmoja aliyekuwa anakodisha mikanda kutoka Dar, inakuja na treni. Siku ya kwanza naiweka, banda limejaa mpaka nje, naona midomo haiendani na maneno. Mtu anafunga mdomo maneno bado yanatoka! Watu wakaanza kupiga kelele, deki mbovu, rudisha hela zetu. Nikasimamisha picha, nikafungua deki mbele ya watu, nikasafisha kichwa kwa pamba na spiriti, nikarudisha, vile vile. Nikasafisha tena. Vile vile. Ukafika ule wimbo wa binti na maji, wakanyamaza wenyewe, hakuna aliyeuliza tena habari ya midomo.

Ila jamaa wa mkanda nilimkata nusu ya hela yake. Nilimwambia kaniletea mkanda uliochoka. Tukagombana vibaya hapo stesheni mbele za watu na biashara yetu ikafia pale pale. Sasa leo ndo nasikia mkanda ulikuwa mzima. Miaka 30 huko jamani.

ngoja_waje
😂😂😂 mzee umeniua. Spiriti na pamba!

mbishi_wa_kikuyu
Sawa nimekubali kwa upande wa Roja. Ila Chaiyya Chaiyya ya Shah Rukh Khan juu ya treni msiniambie nayo ni Kitamil, nitahama nchi.

fundi_kinanda
Usihame, hiyo ya Kihindi kweli. Dil Se, 1998, Mani Ratnam na Rahman hao hao, safari hiyo wametengeneza ya Kihindi kwanza halafu ndo ikatiwa Kitamil. Ila reli yenyewe ipo huko huko kusini, milima ya Nilgiri, kwa hiyo hujaponyoka vizuri. (Na msijaribu hiyo kitu juu ya SGR yetu, ule upepo utakushusha Gulwe.)

Ile Muqabla ya Prabhu Deva, yule dansa, je, iliyowasumbua sana kaka zetu kwenye disko? Kitamil. Picha inaitwa Kadhalan, 1994, Rahman tena. Halafu yule baba anayeimba ule wimbo wa mapenzi wa Roja, Kadhal Rojave, ambao kwa Kihindi ni Roja Jaaneman, anaitwa S. P. Balasubrahmanyam, ndo huyo huyo anayemwimbia Salman Khan kwenye picha ya Maine Pyar Kiya. Mtu wa kusini yule. Tumelelewa na watu wa kusini bila kujua.

dada_wa_chimwaga
Mimi nilisoma chuo hapa na Mhindi mmoja wa kusini aliyekuja kwa muda mfupi, alikuwa anakasirika kweli ukimwambia aimbe wimbo wa Kihindi. Alinielezea Roja nikaona kumbe tulikuwa tunaangalia nusu picha. Roja ni binti wa kijijini, kaolewa, mume wake anapelekwa kikazi Kashmir huko kaskazini anatekwa, na binti yuko mji wa watu anahangaika kuomba msaada kwa askari na wakubwa na Kihindi hajui hata neno. Hebu fikiria sasa hiyo picha ukiitia sauti za Kihindi. Anahangaika nini tena, si anaongea lugha moja na wote? Ule uchungu umeyeyuka wote.

Na kuna wimbo mwingine humo, Thamizha Thamizha, kaimba Hariharan. Kwa Kitamil anamwita Mtamil mwenzake, ewe Mtamil. Kwenye Kihindi maneno yakageuka yakawa kuisifia India kwamba tunaipenda kuliko roho zetu, tuni ile ile, mwimbaji yule yule. Sijui nielezeje, ni kama uchukue wimbo unaosema "ewe Mgogo" ukaugeuza kuwa wa nchi nzima. Siyo vibaya ila aliyekuwa anaitwa siyo yeye tena.

Ninaoupenda mimi ni Pudhu Vellai Mazhai. Maana yake mvua mpya nyeupe, ndo theluji hiyo, mtunzi wa maneno Vairamuthu hajaiita theluji kaiita mvua nyeupe, mimi naona ni kwa sababu binti anatoka sehemu ya joto hajawahi kuiona. Huwa nausikiliza mwezi wa kumi na moja, vumbi limejaa mpaka kwenye meno, mawingu yanakuja yanapita tu kuelekea kwa wenzetu, nami naota mvua, hata iwe ya rangi gani.

binti_mvumi
Samahani naingilia, mleta mada mbona unahangaika na huo mmoja wakati sendofu ina shughuli nyingi. Humo kwenye Roja kuna Rukkumani Rukkumani, kwenye picha ni wale mabibi wazee wa kijijini wanacheza usiku wa harusi, wanawatania bwana na bibi harusi maneno ya chumbani, mabibi wenye mvi kabisa wanakata viuno. Siku naonyesha bibi yangu Mvumi kwenye simu alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema hawa ni wenzetu, wamekosa muheme tu. Kwa msiojua, muheme ni ngoma wanapiga wanawake wa Kigogo, unaibana katikati ya mapaja unapiga huku unacheza. Wapange mashangazi waingie na huo.

mbishi_wa_kikuyu
Bibi wa Mvumi apewe maua yake. Ila kumbuka Rukkumani ya Kihindi kaimba Baba Sehgal yule wa rapu, haina ladha ile. Weka ya Kitamil. (Naona aibu kuandika hivi baada ya nilivyoanza.)

kaka_wa_bibiharusi
Dah, asanteni sana wakuu, nimesoma yote. Mama nimemwelezea kuhusu Kitamil akanisikiliza mpaka mwisho vizuri tu, halafu akasema "sawa, ila mimi weka ule wangu". Nimeweka zote mbili kwenye flashi, nimeandika ROJA YA MAMA na ROJA NYINGINE. Pamoja na Rukkumani kwa ajili ya mashangazi. Nitaleta mrejesho.

ngoja_waje
Mrejesho usikose, tusije tukaachwa hewani.

kaka_wa_bibiharusi
Mrejesho. Samahani nimechelewa, tumelala saa kumi alfajiri.

Dije kakosea. Sijui alisoma nini, MC anaita "mama mzaa chema karibu", mlango unafunguka, inapigwa ROJA NYINGINE. Mimi niko nyuma na sahani za ubwabwa mkononi nikasema nimekwisha. Mama yuko mlangoni na kitenge chake, mashangazi sita nyuma yake. Kasimama kama sekunde mbili hivi. Halafu akaanza kuja, mabega yale yale, na akawa anaimba, ila anaimba Kihindi chake juu ya Kitamil cha yule binti, kwa sauti, na panapomshinda na-na-na, na mashangazi wanaitikia na-na-na. Ukumbi mzima ukaingia. Hakuna aliyejua kuna lugha mbili pale.

Rukkumani ilivyopigwa sasa, shangazi wa Kondoa ana miaka 71, siwezi kuandika alichofanya, wajukuu zake wanasoma humu.

Leo asubuhi nimemuuliza mama vipi ule wimbo, akasema dije alikosea lakini nimwekee kwenye simu yake huo huo wa jana, kwa sababu "ule wa zamani binti alikuwa anaimba na mdomo haumkai".

mzee_wa_deki
Umeona! Hata mama aliona midomo! Siyo mimi peke yangu.

Na mimi nina mrejesho. Nimetafuta namba ya yule jamaa wa mikanda, nimeipata kwa mdogo wake anauza vipuri hapa Barabara ya Sita. Yupo Kigamboni siku hizi, anafuga kuku. Nimemweleza habari yote ya Kitamil. Kakaa kimya mpaka nikadhani simu imekata. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo ile nusu yangu?" Nimemtumia elfu 20 na ya kutolea.