Word inapiga mistari myekundu kazi nzima ya Kiswahili, nifanyeje?

Mchapaji_Moro:
Habari zenu wakuu. Nachapa kazi za watu hapa Morogoro: tasnifu, mihtasari ya vikao vya saccos, barua za kuomba kazi. Nikifungua tasnifu ya Kiswahili, karibu kila neno lina mstari mwekundu, hata "mwalimu" na "shule". Mwenzangu wa zamu ya jioni anabofya Add to Dictionary mpaka mistari iishe. Wengine wananiambia nizime ukaguzi kabisa. Lakini mteja analipia kazi safi, na usiku macho huchoka. Kuna namna ya kuifanya Word ikague Kiswahili?

Mhariri_Tanga:
Ndugu yangu, usizime. Word inapima maneno yako kwa kamusi ya Kiingereza, ndiyo maana inalalamika. Bonyeza Ctrl+A, nenda Review, Language, Set Proofing Language, uchague Kiswahili. Hapohapo ondoa tiki kwenye Detect language automatically, la sivyo itarudia Kiingereza yenyewe. Ikidai haina kamusi ya Kiswahili, ipakue. Ikisiri (muhtasari wa mwanzo wa tasnifu) ya Kiingereza iteue peke yake uirudishie lugha yake.

Huyo wa zamu ya jioni mzuie leo hii. Kila anachobofya kinaingia kwenye kamusi ya kompyuta yenu na kuhesabiwa sahihi katika kazi zote zijazo. Akishaingiza "kwasababu" au "inawezakana", hakuna mteja atakayeonywa tena. Fungua File, Options, Proofing, Custom Dictionaries, kisha Edit Word List, ufute yaliyokosewa. Majina ya watu na vijiji yaache, hayo yatakusaidia.

Kibaha_Mwanachuo:
Mimi natumia LibreOffice kwa kuwa ni ya bure. Kwenye orodha ya lugha tafuta Kiswahili chenye alama ya ABC pembeni. Isiyo na alama haina kamusi. Nimechagua cha Tanzania, halafu F7 ili ikague tahajia.

Mchapaji_Moro:
Asanteni sana, mistari imepungua mno! Iliyobaki iko kwenye majina na vitenzi virefu, mfano "yatakapowasilishwa". Hilo nalo ni kosa?

Mhariri_Tanga:
Hapana, liko sawa. Kitenzi chetu kinabeba nafsi, njeo (wakati wa tendo), rejeshi (kama "-po-"), mtendwa, vyote ndani ya neno moja, kwa hiyo hakuna orodha inayoweza kumaliza maumbo yake yote. Kamusi hizi huongezewa kanuni za viambishi, na bado mengine huponyoka. Lisome silabi kwa silabi. Likiwa sawa bofya Ignore All, lisisumbue tena katika kazi hiyo.

Kinachonitia hofu zaidi ni makosa yasiyopigwa mstari. "Wajumbe walipiga kula" itapita salama, maana "kula" ni neno halali. Vivyo hivyo "mahari pa kuishi", na "ili kuwa" iliyoachanishwa mahali pa "ilikuwa". Muhtasari wa saccos ukitoka na kosa la namna hiyo, anayeaibika ni katibu aliyekuamini. Kabla ya kuchapisha, bonyeza Ctrl+F utafute "kula", "mahari", "ili kuwa", "ana kuja", moja baada ya jingine. Andika orodha hiyo kwenye karatasi, ibandike karibu na kompyuta, na wa zamu ya jioni naye aifuate.