Jarida linataka picha za 300 dpi na CMYK, faili zangu zinaonyesha 72. Naombeni ushauri

BintiKusini
Assalaam alaykum waungwana. Jarida la utalii linalochapwa kwenye karatasi limeniomba picha zangu za Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya kule Makunduchi, Zanzibar: wanaume wakipigana kwa mabua ya migomba, kibanda kikiteketea, na akina mama wakiimba na kanga zao. Mhariri ameandika kwa kifupi tu: JPEG au TIFF, 300 dpi (nukta kwa kila inchi), CMYK (rangi nne za wino wa kuchapia), na moja huenda ikalazwa kurasa mbili. Kamera ni ya megapikseli 24, lakini kompyuta inaniambia picha ni 72 dpi. Nizipandishe? Na CMYK nigeuze mwenyewe? Zaidi ya yote naogopea nyuso. Wale wazee wamenipokea vizuri, nataka waonekane macho na mikunjo yao, wasije wakatoka kama vivuli.

FundiPleti
Waalaykum salaam dada. Hiyo 72 isikusumbue, ni maandishi tu ndani ya faili. Hesabu pikseli. Kamera yako inatoa 6000 kwa 4000. Gawa kwa 300 upate inchi, kisha zidisha kwa 2.54 upate sentimita: takriban sm 51 kwa 34. Kurasa mbili za A4 ni sm 42 kwa 29.7, na ukiongeza milimita 3 kila upande za kukatia, bado unatosha. Ila kama picha umeshaikata ukabaki na nusu yake, hapo mwambie mhariri mapema. Kuipandisha kwa programu hakuleti undani ambao lenzi haikuuona.

Picha_Tamu
CMYK geuza mwenyewe Photoshop, dakika moja tu. Wamesema wanataka, wape.

Mpangaji_Nairobi
Hapana, ngoja kwanza. Mimi hupanga kurasa za majarida. CMYK haiko moja: karatasi ya kung'aa ina profaili yake, yaani faili ya maelekezo ya jinsi rangi zitakavyotoka, ya gazeti ina yake. Ukigeuza kwa kubahatisha, rangi zilizopotea hazirudi. Muulize mhariri wanatumia profaili gani. Akikutajia, geuza nakala na ubaki na ya asili. Asipojua, mwombe akubali RGB, yaani rangi za skrini kama zilivyotoka kwenye kamera, yenye profaili yake ndani, sRGB au Adobe RGB, kiwanda kitageuza. Na jiandae: rangi ya chungwa kali ya moto na kijani kibichi cha baadhi ya kanga vitapoa kidogo, kwa sababu wino haufiki huko.

Ile ya kurasa mbili, uso wa mtu usikae katikati. Mshono wa jarida utaumeza.

BintiKusini
Ahsanteni sana. Na nyuso je? Kwenye skrini zinapendeza kabisa.

FundiPleti
Hapo ndipo penye kazi, na wapigapicha wengi wa kwetu hapo ndipo wanapoumizwa. Skrini ina mwanga wake, karatasi inategemea taa ya chumba cha msomaji. Tena nukta ya wino hutanuka ikigusa karatasi: iliyopangwa kufunika asilimia 50 inaweza kufunika zaidi ya 60, na karatasi isiyo na mng'ao hunywa zaidi. Profaili hurekebisha sehemu kubwa ya hilo, lakini haiwezi kuumba undani kwenye giza. Ngozi nyeusi chini ya jua la saa saba, kofia imetia kivuli machoni: ndiyo sehemu ya kwanza kuzama.

Fanya hivi. Punguza mwanga wa skrini mpaka ukurasa mweupe ulingane na karatasi nyeupe iliyowekwa pembeni yake. Utashtuka picha zilivyo na giza. Rudi kwenye faili ghafi (RAW ya kamera), inua vivuli vya uso peke yake, taratibu, moshi na anga uviache. Ukiinua picha nzima, moshi wa kibanda utaungua uwe doa jeupe. Tafuta toleo lao lililopita, tazama nyuso za watu weusi zilivyotoka. Hiyo ndiyo karatasi yao, ifuate. Na uombe prufu, yaani nakala ya majaribio, ya ile picha ya kurasa mbili. Ni haki yako kuomba.

Mama_Maelezo
Mwanangu, usisahau maneno. Kila picha iwe na nani, wapi, lini na anafanya nini, yaandikwe ndani ya faili pamoja na jina lako. Wazee uwataje kwa majina yao kama wamekubali. "Mwenyeji akisherehekea" ni kumkosea heshima mtu mzima. Watoto, ruhusa ya mzazi. Pia watu wa jarida wakuandikie kwamba wanachapa mara moja tu na hakimiliki inabaki kwako. Sheria inakulinda, na Zanzibar tuna COSOZA, taasisi ya hakimiliki, kwa mambo haya.

BintiKusini
Nimeelewa, Mungu awabariki. Majina ninayo yote. Mhariri anasema nimrushie kwa WhatsApp, ni sawa?

Mpangaji_Nairobi
Ukituma kama picha, inabanwa na maelezo yako yanafutika. Tuma kama hati, au upakie mtandaoni umpe kiungo. JPEG ya ubora wa juu kabisa inatosha, TIFF ni nzito bure.

FundiPleti
Na kunoa picha, yaani kukaza kingo zake zionekane wazi, kuwe hatua ya mwisho, baada ya kuiweka kwenye ukubwa wa ukurasa. Kesho ukipata jibu la profaili, lilete hapa tuliangalie.